Siku Nilipokataza Vitu vya Rangi

Mimi niliyelisha watoto wa shule tangu nikiwa na nywele, niliwahi kumkataza mtoto mmoja kula mboga. Sikutamka neno mboga. Nilisema "vitu vya rangi." Nilisema nimesimama mlangoni pa jiko, mwiko begani kama askari na bunduki yake, na mama wa watu akaniamini, maana mtu aliyebeba mwiko mkubwa hivyo huonekana anajua jambo. Nimelitanguliza hili kusudi, kabla hamjalisikia kwa Mama Kim, jirani yangu. Yeye hulisimulia vizuri kuliko mimi, na kila akilirudia mimi huzidi kuwa mjinga kidogo.

Nawaandikia nyinyi mliobaki na sufuria. Wenzangu wakistaafu huenda shamba wakafuga. Mimi nimebaki hapa hapa Lucky Summer, kwenye ploti ile ile, mlango ule ule. Nikitoka nikafika Soko la Burma kununua maini, nahisi nimesafiri, na nikirudi nataka kupokewa mzigo. Kwa hiyo muda ninao.

Shule mnaijua ilivyo, pale Baba Dogo nyuma ya viwanda, upepo ukigeuka uji unanuka sabuni ambayo hukuitia. Nilifika pale na cheti changu cha kidato cha nne nikitafuta ukarani. Ukarani ulikuwa na mwenyewe. Kilichokuwa wazi ni kuosha sufuria. Nikajiambia nitaosha mwezi mmoja tu, huku nikiangalia mambo mengine. Mambo mengine bado nayaangalia.

Aliyekuwa jikoni wakati huo ni Mzee Mutiso, Mungu amrehemu, mtu wa maneno machache na mikono isiyosikia moto. Siku yangu ya kwanza ya kupika alinipa uji. Nikachemsha maji mpaka yakacheka, kisha nikamwaga unga wa wimbi wote kwa pamoja. Aliyewahi kupika anajua kilichofuata. Yalitokea madonge kama ngumi ya mtoto, nje meusi, ndani unga mkavu. Mzee Mutiso akachungulia, akavuta pumzi.

"Kijana, hiyo si uji," akasema. "Hayo ni mawe. Tafuta fundi akujengee."

Akanionyesha kukoroga unga kwa maji baridi kwanza, kwenye karai, mpaka uwe laini kama maziwa, ndipo uumimine polepole huku mwiko hausimami. Akanionyesha kuchagua maharagwe kwa kuyatandaza, si kuyatazama yakiwa rundo, maana jiwe hujificha kwenye wingi. Na akanionyesha jambo ambalo sikulielewa kwa miaka mingi. Wakati wa kupakua, mimi nilikuwa nasimama dirishani nikiangalia chakula kinavyotoka, najisikia fahari. Yeye alikuwa anakaa upande wa pili, kwenye ndoo iliyopinduliwa, anaangalia sahani zinavyorudi.

"Kikitoka kinakuambia habari yako," alisema. "Kikirudi kinakuambia habari ya mtoto."

Alijua nani analiwa chakula na mwenzake, nani ana jino bovu, nani hakulala. Sahani iliyosafishwa kwa kidole ilikuwa na maana yake: huyo hakula jana. Nilikuwa nadhani ni mazoea ya wazee tu, ya kupenda kukaa.

Mzee Mutiso alipoondoka, mwiko ukaniangukia mimi. Watoto wakaanza kuniita Kuki, kisha walimu, kisha wazazi, mwishowe hata mke wangu. Nitaruka miaka hapa. Miaka mingi ya jiko ni githeri, mahindi na maharagwe, na githeri haina historia.

Sasa Mwende. Alikuja akiwa gredi ya pili, binti ya fundi wa kuchonga vinyago na mama anayefanya kazi kiwandani, Wakamba watulivu kabisa, wa kuongea kama wanaogopa kuamsha mtu. Na huyo mtoto wao alikuwa upepo. Akikaa, mguu unaenda. Mguu ukisimama, mdomo unaenda. Anaanza kuandika tarehe, anaona ndege dirishani, anaenda kumsalimia. Hakuwa mtoto mbaya. Alikuwa anaomba msamaha kwa moyo wake wote, na kabla hajamaliza kuomba ameshafanya lingine. Mwalimu wake, Mwalimu Njoki, aliniambia siku moja akija kuchukua chai, "Kuki, nikimaliza somo na Mwende nasikia kama nimefua mablanketi."

Bakuli lake lilikuwa linarudi nusu. Anakula vijiko vichache, anainuka, anasahau alikuwa anakula. Nililiona. Nilikuwa na umri wa kutosha sasa wa kukalia ile ndoo ya Mzee Mutiso. Lakini kuona ni jambo moja.

Ndipo mwalimu mkuu akamwita Mama Mwende ofisini, akamwambia mtoto akiendelea hivyo mpaka mwisho wa muhula, itabidi atafutiwe shule nyingine. Shule gani hakusema. Mama akatoka, akashindwa kwenda nyumbani moja kwa moja, akaja kusimama karibu na jiko kwa sababu pana joto na hakuna mtu anayekuuliza unafanya nini. Akaniambia yote. Akasema baba yake anataka Mwende apelekwe kwa nyanya yake Ukambani, akakae huko mpaka akili ikomae.

"Na akienda, Kuki, atarudi?" akaniuliza. "Mtoto akishazoea kuwa yule aliyepelekwa, anarudi?"

Hapo ningemkaribisha chai tu, ningekuwa mtu mzuri hadi leo. Kwa bahati mbaya nilikuwa nimetoka semina.

Ilikuwa semina ya siku moja ya wapishi wa shule, na chakula cha mchana kilikuwa kibaya, jambo ambalo sote tulilifurahia. Mtaalamu mmoja, mama mpole wa miwani, alizungumza kuhusu watoto wasiotulia. Alisema kuna watoto wachache ambao huenda wakasumbuliwa kidogo na rangi za kiwandani, zile zinazotiwa kwenye peremende na juisi. Sikilizeni alivyosema: watoto wachache, huenda, kidogo, rangi za kiwandani. Mimi nilipofika Baba Dogo nilikuwa nimebaki na neno moja tu mkononi. Rangi.

Nikamwambia Mama Mwende, "Muondolee vitu vya rangi."

Nilikuwa namaanisha mabuyu. Mabuyu ya langoni, yale mekundu ya kupaka ulimi, na achari ya maembe inayoacha vidole kama vya mchoraji. Muuzaji wa vitu hivyo ni Mama Kim, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, na nilikuwa na hamu ya siku nyingi ya kumwambia biashara yake ni sumu. Kumbe Mama Mwende hakuwahi kumnunulia mtoto mabuyu. Aliposikia vitu vya rangi, akapitisha macho kwenye jiko lake mwenyewe.

"Hata chai ya rangi?" akauliza.

Hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Chai ya rangi, mnajua, ni chai kavu tu, strungi, haina rangi ya mtu wa kiwandani yeyote. Nikaona ni mama mwangalifu, anataka kuhakikisha. Nikapiga mwiko chini.

"Rangi ni rangi, Mama Mwende," nikasema.

Mama Kim hurudia maneno hayo mpaka leo, kwa sauti yangu, na mguu ameutanguliza mbele.

Sikuishia hapo. Kwa kuwa nilikuwa nimeshika kasi, nikaondoa pia sukari kwenye uji wa shule nzima. Mtaani kila mtu anajua sukari ndiyo inayowapandisha watoto kichwani. Siku mbili tatu uji ulirudi ndoo kwa ndoo, watoto wakakaa darasani na njaa, na makelele yakaongezeka hata kwa wale ambao zamani walikuwa wanalala. Mwalimu Njoki alikuja na kikombe kitupu. "Kuki, rudisha sukari," alisema. "Tafadhali, kabla hawajaniua." Nikarudisha, kidogo kuliko zamani, na hiyo kidogo ndiyo mnayoipika hadi leo. Nilipaswa kujifunza kitu siku hiyo. Nilijifunza kwamba watoto hawana shukrani.

Mwende akaanza kuja na chakula chake cha nyumbani, kwenye mkebe. Wali mweupe. Siku nyingine viazi vilivyomenywa, vimechemshwa. Ugali na maziwa. Mkate na maziwa. Mama alikuwa anampa maziwa kikombe juu ya kikombe, kwa kuwa ni meupe na ni mazuri. Nilichungulia ule mkebe nikasema moyoni, huyu mama anajitahidi. Sikujiuliza sukuma wiki imeenda wapi, maharagwe yako wapi, ndengu, karoti, nyama. Sahani yake ilikuwa hairudi kwangu tena, na mimi bila sahani ni kipofu.

Na sasa sikilizeni. Dawa ikafanya kazi.

Wiki zikaenda, Mwende akaanza kutulia. Mguu ukasimama. Akawa anakaa kwenye dawati, kichwa kimelala mkononi, anaangalia ubao. Wakati wa kucheza anakaa kwenye kivuli cha tangi la maji. Mwalimu mkuu alinifuata jikoni kunipa mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata mwaka ule nilipozima moto. "Hiyo semina imekusaidia, Kuki," akasema. Mama Mwende akaniletea kijiko cha mti, kazi ya mumewe, kimechongwa twiga kwenye mpini. Hakukuwa na habari tena ya nyanya wala Ukambani. Nilitembea kwenda nyumbani nikiwa mrefu. Nilimweleza mke wangu habari ya rangi wakati wa chakula, na kesho yake nikamweleza tena, mpaka akahamia kula na televisheni.

Mama Kim peke yake ndiye hakufurahi. Alinikuta naanika shati, akasimama na beseni lake la mabuyu kiunoni.

"Kuki, ule mtoto wako wa kutulia."

"Nimekuambia, ni rangi. Wewe unaumia kwa sababu ya biashara."

"Biashara gani, na hajawahi ninunulia kitu? Nasema hivi: ule mtoto hajatulia. Ule ameisha chaji. Wewe hujui kutofautisha?"

Nikamwambia aendelee na mabuyu yake aniachie mimi lishe. Neno lishe nililitoa semina. Lilikuwa bado jipya, nalitumia kila nafasi.

Basi siku moja wakati wa chakula nilienda nyuma ya jiko kumwaga maji, nikamkuta Mwende amechuchumaa karibu na tangi, shavu limejaa, anatafuna kitu kinachosaga. Unga mweupe mdomoni.

"Mwende, unakula nini?"

"Chaki."

"Chaki si chakula, mama."

Akanitazama kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mzee asiyeshika haraka.

"Lakini ni nyeupe, Kuki."

"Na ikiwa nyeupe?"

"Mama alisema wewe ulisema vya rangi ni vibaya. Hii haina rangi." Akanionyesha kipande kilichobaki, akageuza upande wa pili nao nikague. "Iko sawa. Nimeangalia."

Nikakaa chini pale pale kwenye maji niliyokuwa nimeyamwaga. Nikamuuliza jana alikula nini. Wali. Juzi? Ugali na maziwa. Sukuma? Hapana, ni kijani. Maharagwe? Mekundu, Kuki. Yai? Nyeupe yake tu, njano mama anamtolea. Alikuwa ananijibu kama mtihani na amepata yote. Nikamwangalia viganja. Viganja vyake vilikuwa na rangi ya ile chaki.

Jioni nilimngoja mama yake nje ya geti la kiwanda, mimi ambaye huwa sipiti geti langu bila sababu. Nilikuwa nimeyapanga maneno vizuri. Alipotokea nikasema tu, "Mama Mwende, nilikuwa namaanisha mabuyu."

Hakuelewa. Ilibidi nianze mwanzo, wenzake wakipita wakituangalia. Alipoelewa, hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali.

"Nilikuuliza," akasema. "Nilikuuliza hata chai ya rangi, ukasema rangi ni rangi. Mimi nilikuamini kwa sababu wewe unalisha watoto wa kila mtu. Nikasema, huyu hawezi kukosea wangu."

Kesho yake tukaenda kliniki, sisi watatu. Mimi sikualikwa. Nilifuata tu, na hakunifukuza. Sista wa pale, mwanamke mfupi wa kuongea haraka, akavuta kope la Mwende akaangalia chini yake, akaangalia viganja na ulimi, akatuma damu ikapimwe. Ikarudi pungufu, pungufu sana. Akauliza mtoto anakula nini. Mama akaniangalia. Nikaeleza mimi. Nilieleza yote, pamoja na mwiko.

Sista aliacha kuandika. Nilimwona akiuma mdomo, na sijui hadi leo kama alikuwa anazuia hasira au kicheko.

"Mzee," akasema, "kwa hivyo ulitaka kuondoa rangi ya mabuyu, ukaondoa rangi ya damu."

Nimeyabeba aliyotueleza siku ile kwa uangalifu, na safari hii nilibeba maneno yote, hata yale madogo. Alisema madini ya chuma yakipungua mwilini, mtoto yeyote hushindwa kushika jambo kichwani, achoke, akasirike, na wengine hutafuna udongo na chaki. Kwa hiyo mtoto asiyetulia apimwe damu kabla watu hawajaanza kubahatisha, na dawa ya kuongeza damu asinunuliwe dukani bila kupimwa, maana ikizidi ni hatari. Alisema maziwa mengi kupita kiasi humshibisha mtoto akakosa nafasi ya vyakula vya damu. Sukari nayo, watu wameichunguza sana na hawakuona kwamba ndiyo inayoleta utundu, ingawa meno hayaipendi. Rangi za kiwandani, ndiyo, huenda zikawachochea kidogo watoto wengine, ukiona wako ni mmoja wao mpunguzie. Nikatingisha kichwa kama mwanafunzi. Samaki wadogo kama omena ni wazuri, wanaweza kusaidia kidogo, usitegemee muujiza. Na chai, ya maziwa au ya rangi, isinywewe pamoja na chakula, kwa sababu inafungia chuma mlango. Kunywa mbali na chakula. Ukitaka chuma kiingie, weka chungwa au limau au nyanya pembeni.

"Hapo kwa chai ya rangi tu ndipo ulipopatia," akaniambia. "Na hukujua."

Mama Mwende akauliza lile swali lililomleta jikoni kwangu siku ya kwanza. Damu ikirudi, mtoto atatulia?

Sista akaweka kalamu chini. "Damu ikirudi, atarudi vile alivyokuwa," akasema. "Kama alikuwa upepo, atakuwa upepo wenye nguvu. Inaonekana kama ADHD, hali ya mtoto kushindwa kutulia na kushika jambo moja, lakini hilo si la mimi kusema, nitawaandikia muone daktari wa watoto. Ni namna ubongo wake ulivyo. Hakuna mtu aliyemletea kwa chakula, mama, na hakuna atakayeiondoa kwa chakula. Chakula ni kumfanya awe na mwili wa kubebea hiyo akili yake."

Mama akafunga mkoba wake polepole. "Kwa hivyo nikimponya, wanamfukuza."

Sista akashika tena kalamu, akaandika barua ya daktari.

Na ikawa kama sista alivyosema. Dawa ya damu, ndengu, maini kila wiki, sukuma yenye nyanya, viini vya mayai vyote alivyokuwa amenyang'anywa, na Mwende akaanza kurudi kidogo kidogo. Kwanza mguu. Halafu mdomo. Siku aliyopanda juu ya tangi la maji kutafuta kiota, nilisimama chini nimeshika kichwa kwa hofu, na nilikuwa na furaha ambayo sikuweza kumweleza mtu. Mwalimu mkuu naye aliniita. "Mmemfanya nini?" akaniuliza. "Alikuwa ametulia." Nikamwambia alikuwa hajatulia, alikuwa ameisha chaji. Maneno ya Mama Kim. Nilimwibia bila kumtaja.

Mwalimu Njoki ndiye aliyeokoa muhula ule. Alisema mtoto ambaye alikuwa akilala na sasa anapanda tangi ni mtoto anayepona, na yeye afadhali afue mablanketi kuliko kuketi na mgonjwa. Akamweka mbele, mbali na dirisha. Akawa anamtuma: peleka vitabu, leta chaki, na alete zote. Mimi nikaombwa nimlishe asubuhi. Ilijulikana kwamba Mwende hatoki nyumbani amekula, anaanza mkate, anakwenda kutafuta kiatu, mkate unabaki. Basi akawa anapita kwangu kabla ya gwaride, anasimama, anakunywa uji wa wimbi na nusu ya chungwa. Anasimama, nasema, kwa sababu nilijaribu kumkalisha na uji ukamwagika. Akiwa amesimama, na mguu unaenda, bakuli linaisha. Hiyo nayo andikeni mahali: mtoto si lazima akae ndipo ale.

Mwalimu mkuu akasema, tutaona muhula ujao. Muhula ujao akasema hivyo tena. Mpaka leo hajamaliza kuona.

Baadaye daktari wa watoto alithibitisha, na baada ya muda akamwanzishia vidonge. Vilimsaidia kusoma, lakini vikamwondolea hamu ya kula mchana. Sahani ya saa saba ikawa inarudi jinsi ilivyotoka. Zamani ningetoa hotuba. Safari hii nilimpelekea Mama Mwende habari ya sahani, basi, naye akaipeleka kwa daktari. Tukaambiwa uji wa asubuhi uwe mzito na uje kabla ya kidonge, na githeri yake iwekwe mpaka jioni hamu irudi. Ndiyo sababu mtaona bakuli lenye kifuniko cha buluu juu ya rafu, mbali na moshi. Halijasahauliwa. Msiliondoe. Mtu wake huja baada ya masomo, atagonga dirisha na wakati huo huo ameshaingia mlangoni.

Siku waliyoniaga, walimkabidhi yeye atoe shukrani kwa niaba ya wanafunzi. Sasa ni msichana mkubwa wa gredi ya sita. Alisimama wima na kuanza vizuri sana. "Kuki alitufundisha kwamba chakula," akasema, na hapo paka akapita nyuma ya ukumbi na chakula kikabaki hapo. Tulimngoja. Alirudi na paka, akaketi, akapigiwa makofi. Mama yake alikuwa safu ya mbele anafuta macho, na aliniona nikimwangalia, akanyanyua kikombe chake cha chai ya rangi kuelekea kwangu, kwa makusudi kabisa. Sijui kama hiyo ni kusamehewa. Nimeichukua hivyo.

Jioni hiyo nilikaa nje ya mlango wangu na kijiko cha twiga mfukoni. Mama Kim alikuwa anachambua ubuyu. Nikamwambia, unajua, katika miaka yote ile, ya huyo mtoto ndiyo kazi niliyoifanya vizuri kuliko zote. Hakuinua kichwa.

"Wewe Kuki ulimnyima mtoto chakula," akasema, "halafu ukamrudishia, na sasa unataka ushukuriwe kwa zote mbili."